Vumbi Lisilotoka Kifuani: Mgonjwa na Jamaa Zake katika Ukanda wa Dhahabu

Dhahabu ya Geita na Kahama haiokotwi juu ya ardhi kama embe lililoanguka. Sehemu kubwa yake imejificha katika mishipa ya jiwe jeupe na gumu liitwalo kwatzi, ambalo hapana budi kwanza livunjwe, kisha lisagwe hata liwe laini kama unga wa muhogo, ndipo chembe za madini zipate kutengwa. Mchimbaji ashukaye katika duara lililoegemezwa kwa matimba, akamega mwamba kwa nyundo na moko. Kijana apandishaye viroba vya mawe. Mama apondaye mawe chini ya turubai. Na mwendesha karasha aliyejaa unga mweupe mpaka kwenye kope: wote hao huvuta hewa moja. Jioni huoga, na unga ulio juu ya ngozi ukatoka. Ule ulioingia kifuani hautoki.

Maradhi yaletwayo na unga huo huitwa silikosisi. Hadi leo hakuna dawa ya kuyaponya. Mtu aweza kuishi nayo miaka kumi, ishirini au zaidi, pumzi zake zikipungua kidogo kidogo, huku watu wa nyumbani wakimtazama. Juu ya vumbi lenyewe, vipimo vyake na namna ya kulizuia, mengi yamekwisha kuandikwa. Juu ya moyo wa mtu aliyekwisha kulivuta, na mioyo ya wale wanaomwuguza, yameandikwa machache. Hata hivyo, maradhi yasiyoondoka hayakai katika mapafu peke yake. Hukaa pia mezani, kitandani, shambani na katika maneno ambayo mume na mke wanaogopa kuambiana.

Jinsi jiwe linavyoingia katika pafu

Kwatzi ni namna mojawapo ya silika, ambayo ni madini yaliyoenea sana katika ganda la dunia. Vumbi lake la hatari si lile lionekanalo likitua juu ya nguo. Punje kubwa hunaswa na ute wa pua na koo, kisha hutemwa. Punje zipenyazo ni zile zenye upana usiozidi mikroni nne au tano hivi. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una upana wa mikroni 70 au karibu na hapo. Punje ndogo kiasi hicho huelea hewani kwa saa nyingi bila kuonekana, na zikivutwa hufika katika vifuko vidogo kabisa vya hewa vilivyo mwisho wa mapafu.

Huko zinakutana na chembehai za ulinzi, ambazo kazi yake ni kumeza kila kigeni kiingiacho. Kijidudu kikimezwa humeng'enywa. Jiwe halimeng'enyeki. Chembehai iliyolimeza hufa, na katika kufa kwake humwaga kemikali zinazochochea uvimbe. Punje nayo huachwa huru, ikamezwa na chembehai nyingine, nayo ikafa vile vile. Mahali palipo na mapambano hayo mwili huweka kovu. Makovu hayo huwa vinundu, vinundu huungana, na pafu ambalo lilikuwa laini kama sponji likaanza kuwa gumu. Hii ndiyo sababu maradhi yaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kabisa kazi ya machimbo: vumbi lililokwisha kuingia linaendelea na kazi yake.

Kwa kawaida dalili hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi ya kuvuta vumbi la wastani. Vumbi likiwa zito, miaka mitano yaweza kutosha, na likiwa zito mno, hata miezi. Katika maduara ya wachimbaji wadogo hali ni ya kutisha. Uchunguzi uliofanywa katika machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo nchini Tanzania, na kutangazwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba watoboao mwamba chini ya ardhi walikuwa wakivuta wastani wa miligramu 16.85 za silika katika kila meta ya ujazo ya hewa. Kiwango kinachopendekezwa na taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani kisivukwe ni miligramu 0.05. Hesabu hiyo ni mara 337.

Aidha, silika huidhoofisha ile ile sehemu ya ulinzi wa mwili ambayo hupambana na vijidudu vya kifua kikuu. Kwa hiyo mtu mwenye vumbi kifuani yuko katika hatari ya kupata kifua kikuu mara nyingi zaidi kuliko jirani yake aliyebaki shambani. Maradhi haya mawili hutembea pamoja, na hufanana kwa sura. Kutokana na kufanana huko yanazaliwa mateso mengi ya moyoni.

Maradhi yasiyo na jina

Msomaji na amfikirie mchimbaji mmoja wa makamo, ambaye kwa miaka kumi na mitano amekuwa akihama na machimbo: leo Nyarugusu, kesho Rwamgasa, mwaka mwingine Kakola. Anaanza kukohoa. Anakonda. Akipanda kilima kidogo anasimama katikati, akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Anakwenda zahanati, anaambiwa huenda ni kifua kikuu, anapewa dawa za miezi sita, ambazo katika nchi yetu hutolewa bila malipo. Mkewe anahesabu miezi. Anamwamsha ameze vidonge, anamwuzia kuku mmoja mmoja apate maziwa na mayai. Mwezi wa sita unakwisha. Kikohozi kimepungua, lakini pumzi hazikurudi.

Hapo ndipo nyumba inapoingia katika giza. Mgonjwa amefanya yote aliyoambiwa. Mke amefanya yote. Ikiwa dawa ya serikali imekwisha na mtu hajapona, basi kosa ni la nani? Mgonjwa anarudishwa katika matibabu mara ya pili, pengine mara ya tatu, na kila mara tumaini linapandishwa juu kisha linaangushwa. Kuna wagonjwa ambao kweli wana kifua kikuu juu ya silikosisi, na hao lazima watibiwe. Dawa huua vijidudu lakini haiwezi kuondoa kovu. Kuna wengine ambao hawakuwa na kifua kikuu hata kidogo. Kwa wote wawili, jambo moja halikusemwa: kwamba lipo gonjwa jingine, lina jina, na halitaisha.

Maumivu yakikosa jina, watu huyapa jina wenyewe. Ndugu wa mume husema mtu huyu ni mvivu, kwa kuwa akiketi kivulini anaonekana mzima: hana jeraha, hana bandeji, anakula. Wenzake wa duara husema ameathirika, nao huacha kunywa naye kikombe kimoja. Mwenyewe husema amelaaniwa kwa sababu ya dhahabu fulani aliyoipata kwa njia isiyo ya haki. Na wako watakaosema amerogwa.

Neno hili la mwisho si la mchezo katika nyanda za Usukuma. Kwa miaka mingi, katika Shinyanga, Mwanza, Geita na mikoa jirani, wazee, na hasa wanawake vikongwe, wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi. Macho mekundu yamefanywa kuwa ushahidi dhidi yao, hali wekundu huo aghalabu umetokana na miaka ya kuinamia meko yenye moshi wa kuni na samadi kavu ya ng'ombe. Ugonjwa usioeleweka ndani ya nyumba moja waweza hivyo kuleta kifo katika nyumba ya pili. Kwa sababu hiyo, mganga wa hospitali anayeitazama picha ya mapafu na kusema waziwazi, "Haya ni makovu ya vumbi la mawe," hatoi habari ya kitabibu tu. Anamwondolea mgonjwa aibu, anamwondolea mke lawama, na huenda akaokoa maisha ya bibi kizee ambaye hatamwona kamwe.

Ni kweli kwamba jina hilo lina uchungu wake. Mtu aambiwaye kwamba maradhi yake hayaponi hupigwa kama na radi. Lakini aliyeachwa gizani hupigwa kila mwezi. Habari mbaya yenye ukweli humpa mtu mahali pa kusimama. Matumaini ya uongo humfanya auze ng'ombe, kisha shamba, akienda kwa mganga mmoja baada ya mwingine, akitafuta kitu ambacho hakipo.

Huzuni irudiayo kama majira

Mwaka 1969 daktari Elisabeth Kübler-Ross, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Marekani, aliandika kitabu juu ya watu wanaokaribia kufa, akaeleza hatua tano: kukana, hasira, kubembeleza mapatano, majonzi na kukubali. Mafundisho hayo yalienea ulimwenguni kote, hata watu wengi wakadhani kwamba kila mgonjwa hupitia ngazi hizo moja moja mpaka afike juu na kutulia.

Maradhi ya kudumu hayaendi hivyo. Miaka saba kabla ya kitabu hicho, yaani mwaka 1962, Simon Olshansky, naye wa Marekani, alikuwa amekwisha kuandika juu ya wazazi wenye watoto waliozaliwa na upungufu wa akili. Aliona kwamba huzuni yao haikwishi. Hulala, kisha huamka kila linapotokea jambo la kuikumbusha: siku watoto wa rika lile wanapoanza shule, siku wanapooa. Akaiita huzuni ya kudumu, akasisitiza kwamba hiyo si kichaa wala udhaifu wa imani, bali ni mwitikio wa kawaida wa binadamu kwa hasara isiyo na mwisho.

Mchimbaji mwenye silikosisi huijua huzuni hiyo hata kama hajapata kusikia habari zake. Aweza kuwa ametulia miezi minne, akicheza bao na kucheka. Mara inasikika habari ya rashi mpya, vijana wanapanda magari na vifurushi vyao, na yeye anabaki barazani. Au mvua za kwanza zinanyesha, jembe liko ukutani, na mkewe anatoka peke yake alfajiri kwenda kulima pamba. Au mwanawe analipiwa mahari na baba mdogo, kwa kuwa baba mzazi hana kitu. Siku hizo huzuni hurudi mbichi kama ya kwanza. Jamaa wasiojua hushangaa na kumkaripia: "Si ulikwisha kuzoea?" Wanaojua hunyamaza, wakakaa naye. Majira hayo yatapita, na mtu hapaswi kudhani kwamba ameanguka kwa sababu tu yamerudi.

Mwanasosholojia wa Uingereza, Michael Bury, alitoa wazo jingine lifaalo mwaka 1982, baada ya kuzungumza na wagonjwa wa baridi yabisi. Alieleza kwamba maradhi ya muda mrefu huikata hadithi ambayo mtu alikuwa akijisimulia juu ya maisha yake. Katika ukanda wa dhahabu hadithi hiyo inajulikana: kijana atachimba, atapata, atajenga nyumba ya bati, ataoa, atanunua ng'ombe, atarudi kwao akiwa mtu. Silikosisi huikata katikati ya sentensi. Kazi kubwa ya moyo basi si kusahau hadithi ya kwanza, bali kutafuta namna ya kuiendeleza kwa njia nyingine.

Hofu na pumzi

Kati ya dalili zote za maradhi ya mapafu, hakuna inayotisha kama kukosa pumzi. Njaa huvumiliwa siku kadhaa na kiu kwa saa nyingi, lakini pumzi zikikatika hata dakika moja akili yote hupiga kelele. Hofu hii ina mzunguko wake, ambao ni vizuri mgonjwa na jamaa zake wauelewe.

Mtu akihema kwa shida huogopa. Hofu huufanya moyo uende mbio na misuli ya kifua na shingo ikazane. Mtu huanza kupumua haraka haraka na kwa juu juu, kiasi kwamba hewa mpya inaingia kabla ya ile ya zamani kutoka. Kifua hujaa hewa iliyotumika, pumzi zinazidi kuwa ngumu, na hofu nayo inazidi. Wakati mwingine, basi, shida iliyoanza kwa kupanda ngazi tatu hukuzwa na woga mpaka ikafanana na kifo.

Mzunguko huo waweza kukatwa. Mgonjwa na aketi, ainame mbele kidogo, aegemeze viwiko juu ya magoti au juu ya meza, ili misuli ya kifua ipate nafasi. Avute hewa taratibu kwa pua, kisha aitoe kupitia midomo iliyobanwa kama apulizaye chai ya moto, akichukua muda mrefu zaidi kutoa kuliko kuvuta. Kupepewa usoni kwa kipepeo au kipande cha gamba la boksi pia hupunguza ile hisia ya kukosa hewa, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya uso hupeleka habari ya ubaridi kwenye ubongo. Kwa upande wa jamaa, kilicho bora ni kutuliza sauti, kufungua dirisha, kuwaondoa watu waliozunguka, na kuhesabu pumzi pamoja naye. Kupiga mayowe, hata kwa upendo, huongeza moto. Lakini midomo au kucha zikigeuka rangi ya bluu, au akitema damu, au homa ikipanda, hilo si jambo la kutuliza nyumbani; apelekwe hospitali mara moja.

Kuna hofu nyingine ambayo haionekani. Mtu ambaye kwa majuma mawili au zaidi hapati usingizi, hataki kula, hafurahii tena jambo lolote, na anasema afadhali afe apunguzie watu mzigo, huyo amepatwa na sonona juu ya maradhi yake ya mapafu. Sonona ni ugonjwa unaotibika, hata pale ambapo pafu halitibiki. Maneno ya kutaka kufa yasichukuliwe kuwa ni deko. Mgonjwa asiachwe peke yake, na aonwe na mganga.

Mke wa mchimbaji

Mwaka 1556 kilichapishwa kwa Kilatini kitabu mashuhuri cha Georgius Agricola juu ya uchimbaji wa madini, mwaka mmoja baada ya mwandishi huyo Mjerumani kufariki. Humo alitaja kwamba katika migodi ya milima ya Karpati walipatikana wanawake walioolewa na waume saba, wote saba wakafa kwa maradhi ya kifua yaliyoletwa na vumbi. Habari hiyo imenukuliwa mara nyingi na waganga ili kuonyesha jinsi maradhi haya yalivyo ya kale. Kitabu kiliwahesabu waume. Hakikusema neno juu ya wanawake wenyewe: ni nani aliyewalea watoto, waliuguza kwa miaka mingapi, na walilia wapi.

Swali hilo lingali linangoja jibu katika vijiji vya Geita na Kahama. Mke wa mgonjwa huamka kwanza na kulala mwisho. Ndiye shamba, ndiye kisima, ndiye genge la nyanya, ndiye anayekwenda kuponda mawe machimboni ili apate ada ya shule, na hivyo huenda akavuta vumbi lile lile lililomwangusha mumewe. Juu ya hayo yote analazimika kuficha uchovu wake, kwa sababu desturi humtaka avumilie, na kwa sababu akilalamika mumewe atajiona mzigo. Mume naye huficha maumivu yake ili mke asihangaike. Matokeo yake ni watu wawili wanaopendana, wanaolala kitanda kimoja, kila mmoja akiwa peke yake.

Zaidi ya hayo, mwuguzaji hushikwa na mawazo ambayo humtia aibu. Kuna usiku atatamani yote yaishe. Kisha atajichukia kwa kutamani hivyo. Inafaa isemwe waziwazi kwamba wazo la namna hiyo humjia karibu kila auguzaye kwa muda mrefu, wala si ishara ya moyo mbaya. Ni ishara ya mwili uliochoka. Dawa yake ni kusaidiwa kazi. Mkwe aliyekuja kupika siku mbili kwa juma, shemeji aliyelima ekari moja, jirani aliyekaa na mgonjwa ili mke aende kanisani, msikitini au kwenye ngoma: hao wametibu zaidi kuliko aliyeleta pole na kuondoka.

Yanayowezekana

Kwanza, habari za ugonjwa zitolewe kwa mgonjwa na mwenzake wakiwa pamoja, katika lugha wanayoielewa, na wapewe nafasi ya kurudi kuuliza tena. Habari kubwa haiingii siku moja. Mchimbaji aendapo kutibiwa kifua aseme bila kuulizwa kwamba amefanya kazi katika mwamba, kwa miaka mingapi, na kwa namna gani. Neno hilo moja huweza kubadili namna picha yake itakavyosomwa. Makohozi yapimwe kifua kikuu kila dalili zinaporudi, kwa maana kifua kikuu ni sehemu ya mateso hayo inayoweza kuponywa.

Pili, mgonjwa asinyang'anywe kazi zote. Jamaa wengi, kwa huruma, humgeuza mtu mzima kuwa mgeni nyumbani kwake: halimi, hachoti, haulizwi neno. Hiyo ni huruma inayoua. Yapo mengi awezayo kuyafanya aliyekosa pumzi lakini hakukosa akili: kutunza hesabu za nyumba, kusimamia biashara ndogo, kuwasomesha watoto jioni, kutengeneza vyombo akiwa ameketi, kuamua mashauri. Kutembea kidogo kidogo kila siku, akipumzika kabla hajachoka, huimarisha misuli na kumpunguzia kuhema. Tumbaku aiache kabisa, na vumbi asilirudie.

Tatu, watu wazungumze. Zimbabwe imetoa funzo la thamani katika jambo hili. Mganga wa maradhi ya akili Dixon Chibanda na wenzake waliwafundisha akina bibi wa mitaa ya Harare namna ya kumsikiliza mtu mwenye majonzi, wakiketi naye juu ya benchi karibu na zahanati, na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016, uliowahusu watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliozungumza na akina bibi hao walikuwa na dalili chache zaidi za sonona na wasiwasi kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Hapakuhitajika mashine wala jengo. Palihitajika mtu mzima mwenye heshima, muda na sikio. Vijiji vya ukanda wa dhahabu havikosi watu wa namna hiyo, na vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo tayari hukutana kila juma vyaweza kuwa mahali pa kuanzia.

Nne, haki isisahauliwe. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, umewekwa ili kumlipa mfanyakazi aliyepata maradhi kutokana na kazi yake. Lakini mchimbaji wa duara aghalabu hana mkataba. Hulipwa kwa kugawana viroba vya mawe, na duara likikauka huhama. Akiugua hana mwajiri wa kumdai. Hasira yake juu ya hilo si ugonjwa wa moyo unaohitaji kutulizwa kwa maneno matamu. Ni hasira ya haki, na wenye leseni, vyama vya wachimbaji na vyombo vya serikali wana wajibu wa kuisikia.

Kijana anayetaka kushuka

Kuna siku moja ambayo karibu kila nyumba ya namna hii huifikia. Baba hawezi kazi tena. Mtoto wa kiume amemaliza shule, ana nguvu, na machimbo yako umbali wa mwendo wa saa moja. Anachukua kofia ya baba yake. Mama ananyamaza, kwa kuwa nyumba haina unga. Baba naye hunyamaza, akidhani kwamba mtu asiyeleta chakula hana tena sauti.

Hapo ndipo anapokosea. Katika nyumba ile hakuna mwingine aijuaye gharama kama yeye. Ana elimu ambayo ameilipia kwa mapafu yake, na kuitoa ni kazi ya mwanamume kamili, hata kama ataitoa kwa sentensi fupi fupi, akipumzika katikati. Na amweleze kijana kwamba vumbi linaloua halionekani. Kwamba kitambaa kilichofungwa puani hakizuii punje ndogo. Kwamba maji yakimiminwa juu ya mwamba unaotobolewa na juu ya mawe yanayosagwa hulilaza vumbi kabla halijapaa, na duara lisilo na maji wala njia ya hewa si la kushukwa. Kwamba nguo za kazi zisiingie ndani walalamo watoto. Kwamba kifua kipigwe picha mapema, kabla ya kikohozi cha kwanza. Na kwamba, ikiwa iko njia nyingine yoyote ya kupata unga, aifuate hiyo.

Pengine kijana atasikia, pengine atashuka. Lakini kama atashuka, atashuka na ndoo ya maji.